Upande wa Pili wa Karatasi ya Kura

Siku moja siwezi kuisahau, mwanangu, hata nikinyweshwa dawa ya kusahau. Ilikuwa Jumapili, majani ya miti yamekwisha kuwa mekundu, na katika ukumbi wa chini wa kanisa letu pale Brooklyn Center walikusanyika watu wengi kuliko wote waliowahi kukusanyika tangu Musa avuke bahari. Labda naongeza kidogo. Lakini viti viliisha, watu wakakalia meza, na meza zilipoisha wakakaliana wao kwa wao. Na wote hao walikuja kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nagombea ujaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo hili la Minnesota.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka nilipoliona jina langu kwenye bango la kwanza. Mtu aliyefika nchi hii na sanduku moja lililofungwa kwa kamba!

Nianze nyuma kidogo, usije ukapotea. Mchana nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba ya wazee, kuwageuza, kuwaogesha, kuwalisha. Jioni nilipanda basi kwenda Saint Paul kusoma sheria. Nilisoma shule ya jioni kwa muda mrefu hivi kwamba mlinzi wa lango alistaafu, akaja mwanawe, naye nikamwacha ana mvi. Nilipohitimu nikafungua ofisi mjini Hopkins, chumba kimoja juu ya kinyozi, na wateja wangu wote walifika wakinukia poda. Nilikuwa na miaka arobaini na ushei. Najua kwako huo ni uzee. Kwa wakili wa shule ya jioni, huo ni utoto wenyewe.

Huku majaji hupigiwa kura, kama wabunge. Lakini kila uchaguzi nilikuwa naona jambo moja likinikera: kwenye kiti cha jaji, mara nyingi, jina ni moja tu. Utachagua nini hapo? Mawakili wenzangu waliogopa kusimama. Nani atamrushia simba jiwe leo, na kesho ana miadi naye pangoni? Nikasema, basi nitasimama mimi, angalau mwenye kiti ajue kiti kina miguu. Vyama viwili vikubwa havikutaka hata kunipa maji. Nikapokelewa na chama kidogo, kidogo hasa. Mkutano wetu mkuu ulifanyika kwenye gereji ya katibu, mzee mmoja wa Kizungu kule mji wa Savage, na hatukuhitaji kulitoa gari lake.

Watu wetu waliposikia, wakaunda komiti. Unatujua. Wakenya wawili wakikutana Minnesota, hiyo ni komiti. Wakiwa watatu, komiti imegawanyika. Mwenyekiti akawa Bwana Ogeto, ambaye sote tulimwita Chairman hata mkewe, maana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kila kitu: mazishi, harusi, hata kumsindikiza mtu uwanja wa ndege. Mshika fedha akawa Deno, mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye maneno kama redio iliyokosa kizimio. Tukachapa fulana. Tukatunga wimbo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa mpaka nikaanza kutembea kama mtu aliyevaa joho tayari. Mke wangu alinikuta mbele ya kioo nikiitikia "Mheshimiwa."

Sasa rudi nami ukumbini. Pilau imeshaliwa, nyama imeshaliwa, wimbo umeimbwa mpaka mpiga kinanda akaomba maji. Likabaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililotuponza.

Kwetu Kenya, kama hukujua, mgombea haondoki na kura peke yake. Anakabidhiwa shida ya watu. Wazee husimama na kumwambia: hii hapa barabara yetu, hii hapa zahanati isiyo na dawa, ichukue. Naye huipokea mbele ya wote, kwa sauti. Ni desturi nzuri kwa mbunge. Ahadi ni deni, na deni la mbunge lina mashahidi. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu, mwanangu, na mimi nikiwa na shahada yangu ukutani, aliyejiuliza kama jaji naye hukabidhiwa shida.

Chairman akasimama, fulana yenye jina langu juu ya shati na tai. Akanyoosha mkono kwenye safu ya mbele, alikoketi Mama Moraa.

Mama Moraa alikuwa kiongozi wa kwaya. Sauti yake ilipopanda, wa sauti ya kwanza walijua wamechelewa na wa sauti ya nne walijua wamekosea. Alikuwa pia na mgongo uliovunjika. Alifanya kazi katika nyumba mbili za wazee, mchana hapa, wikendi kule, kama tulivyofanya sote. Siku moja mgonjwa alimtelezea mikononi, akamdaka, mgonjwa akapona, yeye akabaki sakafuni. Sasa nyumba ya kwanza ikasema mgongo ule ulichakaa kwenye nyumba ya pili. Nyumba ya pili ikasema ulifika kwao umeshachakaa. Kampuni za bima zikarushiana mgongo wa mama wa watu kama mpira wa kona, na upasuaji ukasubiri. Kesi yake ilishikwa na wakili mwingine, si mimi, na ilikuwa ikipanda ngazi. Kesi za kuumia kazini zikikatiwa rufaa ya mwisho, huku Minnesota, hufika mahakama ileile niliyokuwa naiomba.

"Wakili," Chairman akasema, na ukumbi ukatulia, "hatukuombi pesa. Hatukuombi kazi. Tunakukabidhi mgongo wa mama yetu. Ukishakaa pale juu, utauangalia?"

Watu wakapiga makofi. Nikakohoa. Mwanangu, kanuni niliijua: anayegombea ujaji haahidi ataamuaje kesi ya mtu yeyote. Niliijua kwa Kiingereza, na kidogo kwa Kilatini. Nilijua hata kwamba nikichaguliwa, kesi ya mtu niliyekula naye meza moja ningelazimika kujitoa nisiiguse. Hayo yote nilijua. Lakini na wewe simama siku moja mbele ya ukumbi uliojaa watu wako, wanakuita kwa jina la baba yako, uone kama kanuni ina sauti.

Deno akaninong'onezea, akidhani ananong'ona: "Wakili, sema tu utaangalia. Kuangalia si kuahidi. Hata mimi nimeangalia ile nyama tangu asubuhi na wazee hawakunishtaki."

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikajiambia, kijana ana hoja. Nitasema "nitaangalia." Neno jepesi, halina mfupa. Nikafungua mikono kama askofu.

"Ndugu zangu," nikaanza, "Mungu akinifikisha pale, mama yetu huyu..."

Mkongojo ukagonga sakafu.

"Ishia hapo, baba. Usimalize."

Mama Moraa alikuwa anasimama. Kusimama kwake kulikuwa safari: kwanza mkongojo, kisha mkono kwenye kiti cha jirani, kisha pumzi, kisha mgongo wenyewe, pole pole, kama mlango wenye kutu. Binti yake akataka kumsaidia, akakatwa kwa jicho.

"Huu mgongo ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako, Mama," nikajibu.

"Basi mbona mnaupitisha kama kikapu cha sadaka?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Nikuulize, Wakili, wewe uliyesoma. Huyo jaji unayetaka kumtoa, tuseme leo yuko kwenye ukumbi wa hao watu wa bima. Amekula nyama yao. Anawaambia, msijali, ile kesi ya yule mama Mwafrika nitaiangalia. Utasemaje?"

"Nitasema amepotoka, Mama. Afukuzwe."

"Na wewe leo umekula nyama yangu. Kwako inaitwaje? Upendo?"

Mimi ambaye mke wangu husema nikizikwa ulimi utaendelea siku mbili, nikaishusha ile mikono ya uaskofu.

"Baba yangu," akasema, na sasa hakuwa anazungumza na mimi tu, "alikuwa na shamba. Jirani akalitaka. Wakaenda kortini. Jaji akawa mtu wa upande wa mama wa yule jirani. Hawakuficha, walimwimbia hadharani kama mlivyomwimbia huyu. Baba yangu alikufa akiwa mpangaji. Mimi sikuja kwenye baridi hii kunyang'anywa na jaji wa kwao, wala sikuja kupewa na jaji wa kwetu. Niumie, lakini nisikilizwe. Wakili, ukisema hilo neno, kura yangu huna."

"Mama, keti," Chairman akasema, akitabasamu kwa meno tu. "Sisi tunakutafutia."

"Mnajitafutia. Mimi mgongo wangu umewapa mahali pa kusimamia."

Chairman akanigeukia. "Wakili, mama ameongea kwa uchungu, tumemsikia. Lakini mgombea ni wewe. Watu hawa wote wameacha shifti zao. Wengine wameacha ovataimu! Utauangalia au hutauangalia?"

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Kwa binadamu mchungu. Nilihisi ncha yake hapa, chini ya tai. Nikasema, kwa sauti ambayo hata kipaza sauti kiliona haya:

"Siwezi kuahidi. Nikifika pale sitakuwa wa kwenu wala wa kwao. Nisameheni."

Lo! Ungedhani nimemtukana mama mzazi wa kila mtu mmoja mmoja.

"Amekuwa Mzungu!" mtu akapiga kelele.

"Mzungu gani, hata theluji inamshinda kuendesha!"

"Nirudishie pilau yangu!" akalia mama mmoja kutoka nyuma, na huyo, nakuapia, alikuwa ameshika sahani ya tatu.

Chairman hakupiga kelele. Alivua fulana yenye jina langu, akaikunja taratibu, akaniwekea mikononi kama vile mjane wa askari akabidhiwavyo bendera. Komiti ikatoka nyuma yake. Watu wakatoka nyuma ya komiti. Deno akachomoa spika zake, akanipiga bega: "Wakili, umejichoma vibaya sana," akaenda. Msema kweli hana wajoli. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumebaki mimi, mke wangu, Mama Moraa na binti yake, na sufuria kubwa tupu kabisa, maana kukasirika hakukumzuia mtu kufungasha.

Mama Moraa aliniambia, "Sasa umekuwa wakili." Akaondoka kwa safari yake ileile ya pole pole.

Ningependa kukwambia kwamba ukweli ulinilipa. Nyinyi vijana mmezoea hadithi ambazo mwisho wake mtu mwema anapewa kombe. Nilishindwa. Nilishindwa hivi kwamba hata walioshindwa wenzangu walinionea huruma. Katibu wa chama alinipigia simu kutoka Savage kunifariji, akaishia kulia yeye.

Siku chache baadaye nilikutana na Chairman kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, kwenye rafu ya unga. Nikataka kujificha nyuma ya magunia ya mchele, lakini mwili wangu hauna gunia la kuuficha. Akanishika mkono.

"Wakili, nataka ujue kitu. Tulikasirika, ndiyo. Lakini damu ni damu. Siku yenyewe tulikupigia. Komiti nzima. Nilipanga foleni kwenye baridi, mimi mwenyewe."

Mwanangu, machozi yalinilengalenga. Nikamwambia, "Chairman, ulinipigia kura kweli?"

"Nilipiga zote! Rais, bunge, mpaka wa mambo ya wilaya ambao siwajui. Nikapewa kibandiko changu cha "Nimepiga kura" nikabandika kwenye koti."

"Na jina langu uliliona wapi?"

Akafikiri. "Si lilikuwa humo humo?"

"Majaji walikuwa nyuma, Chairman."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya karatasi. Upande wa pili."

Chairman akabaki amekumbatia mfuko wa unga kama mtoto mchanga. Akasema, na sauti hiyo nitazikwa nayo: "Karatasi ilikuwa na upande wa pili?"

Nikaanza kuuliza mmoja mmoja. Uliza, uone maajabu. Huyu hakugeuza karatasi. Yule alikuwa kazini, shifti mbili. Mwingine ana kadi ya kijani, bado si raia, alikuwa ananiimbia tu kwa moyo. Na Deno, mshika fedha wangu, aliyesema "hii kiti tumeshachukua" mpaka nikaanza kuota joho? "Wakili, mimi niko na visa ya shule," akaniambia bila aibu. "Huku sipigi kura hata ya kiranja."

Hapo ndipo uchungu uliponiingia, nao haukuwa wa kushindwa. Nilikaa kwenye gari nje ya duka, injini imezimwa, nikaelewa. Ule ukumbi wote, yale makofi yote, ule mkuki chini ya tai: nilikuwa karibu kuuza ulimi wangu kwa kura ambazo hazikuwepo. Ningetamka lile neno "nitaangalia," ningeondoka nimechafuka, na kule nyuma ya karatasi kungebaki kweupe vilevile.

Na hayakuishia hapo. Kesi ya Mama Moraa ilifika juu, na akashindwa. Majaji wote wale, na yule niliyetaka kumtoa akiwa miongoni mwao. Basi watu wetu wakapata wa kumlaumu. "Angesema neno moja tu." "Wakili ndiye aliyemuuza mama." Ngazi za ofisi yangu zikaota vumbi, kinyozi akaniuliza kama nimehama. Kwenye misiba nikawa napewa kiti karibu na mlango, pale baridi inapoingilia. Hata sasa wapo wanaovuka barabara wakiniona. Wachungaji wameniambia nisamehe. Nawaambia nimeanza, wengine nimewasamehe, wengine bado wako kwenye foleni, na foleni yenyewe haisogei.

Nilikwenda kumwona, kwenye nyumba ya binti yake, pale pale Hopkins. Mjukuu alinifungulia, nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba bibi yuko chumbani. Alikuwa amelala chali, mito kila upande kama yai kwenye trei. Akaniomba nimsomee hukumu, kwa Kiswahili, yote. Nikaketi kitandani nikamsomea mpaka koo likakauka.

"Wameuandika mgongo wangu?" akauliza.

"Wameuandika, Mama. Kurasa na kurasa."

"Wameuandika vibaya."

"Vibaya."

"Lakini walinisikiliza. Hawakuninyima kwa sababu mimi si wa kwao."

Ningeweza kumdanganya, mwanangu. Ningeweza kumpa hata hilo tu la kulalia. Lakini ni yeye aliyenifunga mdomo mbele ya watu, na nilimheshimu mno.

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Hilo hawakuliandika."

Akasema, "Basi la kwao wanalijua wao. La kwako nalijua mimi." Kisha akageuza uso, si mwili, uso tu, akaniangalia. "Mimi niligeuza, unajua."

"Uligeuza nini, Mama?"

"Karatasi. Nilisimama pale na mkongojo, mgongo unawaka moto, kijana wa pale ananiambia, mama unaweza kukaa. Nikamwambia, nikikaa sitainuka. Nikageuza. Ulikuwa huko nyuma, chini ya jina la yule jaji mwenye kiti. Kile kiduara chako nilikitia wino mpaka karatasi ikataka kutoboka."

Nilishuka ngazi za nyumba ile nikilia kama mtoto aliyenyimwa chapati, na safari hii siongezi hata kidogo.

Sasa sikia, mwanangu, maana nasikia hata wewe wameanza kukuita Mheshimiwa. Usihesabu watu kwa sahani. Aliyekuja kwa pilau ataondoka na pilau. Ukikabidhiwa shida na hali umeomba kiti cha kuamua, waambie wazi: masikio yangu ni yenu, uamuzi si wenu wala si wangu. Watakutoka. Waache watoke. Usidai kwa wa kwako jambo ambalo ungelilia likifanywa na wa kwao. Na kabla ya kushangilia mtu yeyote, mfundishe anakopigiwa kura, maana mimi niliwafundisha wimbo na sikuwafundisha karatasi. Halafu wewe mwenyewe, siku ukisimama pale na kalamu, hata kama foleni ni ndefu na shifti inakungoja, geuza. Walio nyuma ndio watakaoamua juu ya mgongo wako.

Mola akupe mgongo mnyofu usioinamishwa na makofi. Akupe ulimi unaojua kukatika mahali pake. Na siku utakaposhindwa, kwani utashindwa, akupe japo mtu mmoja aliyegeuza karatasi kwa ajili yako huku mgongo wake ukimuuma. Mimi alinipa mmoja. Nenda kwa amani.